Dakika Ishirini Hadi Biharamulo

Jirani yangu hapa Biharamulo huchoma majani kabla hayajakauka. Kila mara namwambia asubiri jua, naye kila mara hunijibu kwamba jua lina kazi zake. Wiki iliyopita moshi wake ule mzito, mweupe, wenye harufu ya ubichi na uchungu kidogo, uliingia hadi chumbani nilipokuwa nasahihisha madaftari. Nilifunga dirisha. Kisha, bila sababu ninayoweza kuieleza vizuri, nikachukua simu nikaandika: umbali kwa ndege, Ngara hadi Biharamulo.

Jibu lilikuja upesi. Kilomita sabini na kitu kwa mstari ulionyooka, robo saa na ushee kwa ndege ndogo. Chini yake kulikuwa na tangazo la mabegi ya safari. Niliisoma ile namba bila kushtuka, nikarudi kwenye madaftari. Lakini kazi haikwenda tena, kwa hiyo nimekaa kuandika haya, kwa ajili ya wenzangu wa rika langu waliokulia kule na wanaoikumbuka ile ndege.

Tulikaa ukingoni mwa kiwanja cha ndege cha Ngara kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Ukisikia mlinzi wa kiwanja cha ndege usifikirie sare na kofia. Baba alikuwa na panga, fyekeo, filimbi, na koti la mvua lisilokuwa na vifungo. Kiwanja chenyewe kilikuwa njia ndefu ya changarawe iliyoota nyasi, na ndege ilikuja mara moja kwa wiki mbili, wakati mwingine ikapita miezi. Siku nyingine zote pale palikuwa malisho. Ng'ombe walipapenda kuliko bonde lolote, maana nyasi zilikuwa fupi na changa, na upepo uliwafukuzia nzi.

Kazi ilikuwa hivi. Wamisionari walikuwa na redio ya upepo, na ndege ikiwa njiani walimtuma mtu kwa baiskeli kumwambia Baba. Baba aliwasha moto wa majani mabichi mwisho wa kiwanja ili rubani aone moshi unaelekea wapi na ajue upepo ulivyo. Kulikuwa na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti kwa kazi hiyo hiyo, lakini uliibwa mara mbili, na mara ya pili tuliuona Jumapili kanisani, umegeuzwa sketi ya mtoto. Baba aliitazama ile sketi misa nzima, kisha akasema hataidai kwa kuwa imempendeza mwenyewe. Moto ulikuwa wa Baba. Mimi nilikuwa wa ng'ombe. Nikisikia mlio wa injini nilishika fimbo nikakimbia kuwaondoa njiani, na nilikuwa hodari, wala sijisifu bure.

Ng'ombe wengi walikuwa wa Shija, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na wake zake wawili. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa kusema. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kisha akaniuliza ng'ombe wake wameniambia nini leo. Nilimtungia maneno ya ng'ombe, naye aliyasikiliza kwa makini kama barua.

Sasa nieleze nilichokuwa nakiamini, maana bila hicho mtaniona mtoto mkatili. Niliamini kwamba basi hurudisha watu na ndege hairudishi. Ushahidi nilikuwa nao. Waliopanda basi walirudi wamechakaa kwa vumbi, wameshika mkate au furushi la viazi vitamu vya Lusahunga. Wageni waliopanda ndege walitupungia mikono na hatukuwaona tena. Na Mama Editha, jirani yetu aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani ya miguu, alipandishwa ndege akiwa amevimba uso, tukaambiwa anapelekwa hospitali Biharamulo, dakika ishirini tu. Hakurudi. Cherehani yake ilikaa barazani imefunikwa gunia mpaka ndugu zake walipokuja kuichukua.

Hizo dakika ishirini ndizo zilizonipoteza. Biharamulo nilikuwa naijua. Niliwahi kwenda na Mama kumsalimu mama mdogo, na tulipanda basi kabla jua halijachomoza. Magari yalipangwa foleni yakisubiri askari wa kuyasindikiza kupita msituni, kwa ajili ya majambazi, tukakaa pale mpaka watoto wachanga wakachoka kulia. Tukapita msitu kimya, hata kondakta hakusema kitu. Tukafika Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanaposimama madereva wapate kula, Mama akaninunulia yai la kuchemsha. Mbele kidogo gurudumu likapasuka. Mama hakulalamika, alisema mwenda pole hajikwai, akavua viatu akakaa kwenye majani. Jua lilikuwa limeshapinda tulipofika. Hiyo ndiyo Biharamulo.

Na dakika ishirini nilizijua pia. Nilikuwa darasa la pili, tumeshafundishwa saa. Dakika ishirini ni mapumziko ya saa nne, muda wa kunywa uji, kugombana kidogo na kurudi mstarini. Mahali ambapo mtu anaweza kufika wakati wenzake wanakunywa uji hapawezi kuwa Biharamulo. Kwa hiyo watu wazima walikuwa wanadanganya. Ndege ilikuwa inakwenda mahali pengine, karibu sana, huko alikokuwa Mama Editha, na hawakutaka sisi watoto tujue. Sikumuuliza mtu. Kwetu mtoto hakuwauliza wakubwa swali linaloonyesha kwamba ameshawashika uongo.

Mama alikuwa na mimba kubwa wakati huo. Nilikuwa mtoto wa pekee na kila mtu aliniambia nitapata mdogo wangu, kwa sauti ya kunipa zawadi. Jioni moja uchungu ulianza, na nesi alipokuja alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akatoka nje akaongea na Baba karibu na zizi la mbuzi. Nilikuwa nyuma ya zizi. Alisema mtoto amekaa vibaya na Mama lazima apasuliwe, na daktari wa kupasua wa kwetu amesafiri kikazi, wa karibu yuko Biharamulo.

"Kwa gari atafika?" Baba aliuliza.

"Barabara hii? Na foleni ya askari?" nesi alisema. "Mimi nakwambia ukweli, mzee. Kwa gari sijui."

Baba alikwenda mbio kwa wamisionari. Aliporudi nilimwona amefurahi, jambo lililonitisha. Ndege ilikuwa inakuja asubuhi ikielekea upande ule, na rubani alikubali kumchukua Mama. Alimwinamia pale kitandani akamwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele yangu.

"Dakika ishirini tu, mke wangu. Dakika ishirini uko kwa daktari."

Mama alisikiliza. Alifumba macho.

Asubuhi walikuja wanaume wanne na ingobyi, kile kitanda cha kufumwa ambacho kwetu mgonjwa hubebwa nacho mabegani. Walipokuwa wanaifunga kamba, Baba aliniita kando. Alisema yeye atakuwa na moto na atakuwa na Mama, hawezi kuwa kila mahali. "Ng'ombe ni wako leo," alisema. "Umenisikia, mwanangu? Leo ni wako peke yako."

Nilisema nimesikia. Kisha niliingia jikoni, nikachukua kopo la chumvi, chumvi nyeupe ya dukani, lilikuwa limejaa nusu. Kila mtoto wa kule anajua kwamba ng'ombe akishapata chumvi, unaweza kumpiga mpaka fimbo ivunjike, ataondoka hatua tatu na kurudi. Nilitembea katikati ya kiwanja nikiimwaga kidogo kidogo, mstari mrefu, nikiwa nimeificha chini ya kanga kama ninayekwenda kuokota kuni. Sikuwa na hasira. Nilikuwa najua ninachofanya, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisimulia kwa namna nyingine. Nilikuwa namzuia mama yangu asipelekwe alikopelekwa Mama Editha.

Ndege ilisikika kabla ya kuonekana. Moshi wa Baba ulikuwa umeshapanda. Ng'ombe wa Shija, thelathini au zaidi, walikuwa wamejipanga katikati ya kiwanja vichwa chini, wanalamba changarawe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kichuguu na fimbo yangu magotini.

Ilipita chini sana mara ya kwanza, nikaona tairi zake. Ng'ombe waliinua vichwa, wakaviinamisha tena. Baba alipuliza filimbi kutoka mwisho wa kiwanja, akaita jina langu. Nilishuka, nikakimbia, nikawapiga, kwa sababu nilitaka aone ninawapiga. Waliondoka na kurudi. Ndege ilizunguka juu ya mashamba ya Kanazi ikaja tena. Baba aliuacha moto, akaja mbio akiwa ameshika panga kwa ubapa, na wawili kati ya wale wabebaji wakaja naye, na tulikuwa watu wanne tunapiga ng'ombe wasiotaka kusikia. Mara ya tatu ndege haikushuka hata kidogo. Ilipita juu, ikaelekea mashariki, ikawa ndogo. Ndani yake, tuliambiwa baadaye, kulikuwa na viti vinne vitupu.

Baba alisimama akiangalia juu hata baada ya mlio kwisha. Kisha akaangalia chini, akaona weupe kwenye changarawe. Aliokota punje, akaiweka ulimini.

Shija alikuwa anakuja anakimbia kutoka bondeni. Baba hakumngoja afike.

"Umewatilia chumvi kwenye kiwanja," alisema. "Mke wangu anakufa pale, na wewe umewatilia ng'ombe chumvi kwenye kiwanja."

"Mimi natiaga nyumbani, mzee mwenzangu," Shija alisema. "Na natiaga magadi. Hii siyo yangu."

Magadi yake yalikuwa ya kijivu, kila mtu aliyajua. Baba hakuwa na nafasi ya kufikiria rangi. Alikwisha geuka anakimbilia ingobyi. Shija alibaki, akanitazama, akatazama kanga yangu, akatazama mikono yangu iliyokuwa imekauka kwa chumvi. Alianza kuwakusanya ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina.

Baba alipata pikapu ya muuza mbao, jua likiwa limepanda sana. Walimlaza Mama juu ya godoro, na nesi akapanda naye. Waliikuta foleni ya askari imekwisha ondoka, wakangoja ya pili. Mdogo wangu alizaliwa Lusahunga, nyuma ya mgahawa wa madereva wa malori, wanawake wapishi wamezungushia kanga. Alikuwa wa kiume. Wengine walisema alilia mara moja, nesi alisema hakulia. Mama alifikishwa Biharamulo jua likizama, wakamwokoa yeye.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikaa kwa Bibi, kijijini Ntobeye, zaidi ya mwezi mmoja, na hakuna aliyeniambia chochote isipokuwa Mama anakuja. Na Mama alikuja kweli. Alishuka kwenye basi, amechakaa kwa vumbi, ameshika mkate. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia mwenye akili. Watu wazima wote walitaka kumpeleka kwa ndege, na mimi, wa darasa la pili, nimemrudisha kwa basi. Kuhusu mtoto niliambiwa Mungu amemchukua, nikaona ni jambo la kati ya Mungu na mtoto, halinihusu.

Shija alihama kabla ya mvua. Habari ilikuwa imeenea kwamba Msukuma yule kwa ajili ya ng'ombe wake amemuua mtoto wa mlinzi, na hakuna aliyemnunulia maziwa tena. Siku alipopita na mifugo yake nilimwamkia. Aliitikia. Hakuniuliza ng'ombe wameniambia nini. Sijui alihamia wapi.

Niliishi na ushujaa wangu miaka mitatu. Kisha, darasa la tano, mwalimu wa hesabu alitufundisha mwendo, umbali na muda. Alikuwa mwalimu mzuri, alipenda mifano ya nyumbani. Alitundika ramani ya mkoa, akampa mmoja wetu uzi na rula. Uzi ukanyooshwa kutoka Ngara hadi Biharamulo, juu ya mito na msitu, ukapimwa kwa kipimio cha ramani: kilomita sabini na tano. Kisha akauchukua uzi ule ule akaulaza juu ya barabara na kona zake zote, ukaisha kabla haujafika hata Lusahunga. Darasa likacheka. Akaandika ubaoni: ndege inakwenda kilomita mia mbili ishirini na tano kwa saa, itachukua muda gani?

Nilikuwa mwepesi wa hesabu. Sabini na tano gawanya kwa mia mbili ishirini na tano, theluthi moja. Theluthi ya saa. Niliandika dakika ishirini, nikaitazama. Nikarudia kwa njia ndefu kwa sababu nilidhani nimekosea, ikaja dakika ishirini. Mwalimu alipita nyuma yangu, akanitilia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, akasema, "Safi sana."

Sikulia. Mapumziko nilikwenda kupanga foleni ya uji kama wengine, nikaunywa. Kuna kitu kilizimika siku ile, na sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikawa mwalimu, nikapangiwa kazi Biharamulo, kati ya wilaya zote za nchi hii. Watu husema mimi ni mtulivu. Baba alifariki akiendelea kumtaja Shija kila ndege ilipopita juu, na mimi nilikuwa nikimmenyea chungwa na kusema, ndiyo Baba.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona Mama. Amezeeka, ana kisukari, na nesi wa zahanati ameniambia waziwazi kwamba asifunge kula hata siku moja, kwa kuwa ameshaanguka mara mbili. Mama kwa miaka mingi sasa hali chakula Ijumaa mpaka jua lizame. Tulidhani ni Ukatoliki wake. Ijumaa ile nilipika ndizi na maharage, nikaandaa meza saa saba mchana, nikamwita.

"Kula wewe," alisema.

"Mama, nesi amekukataza. Utaanguka, na mimi Jumatatu siko."

"Nesi hajui ninachofungia."

"Basi niambie mimi."

Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anajisugua magoti. Alizungumza bila kunitazama.

"Namfungia yule wa Lusahunga," alisema. "Siku ile wamenilaza kwenye ingobyi, niliisikia ndege inakuja, nikaogopa kuliko uchungu wenyewe. Nikamwambia Mungu, isitue. Nipeleke kwa gari, nipeleke kwa miguu, lakini ile isitue. Na haikutua, mwanangu. Ilikuja mara tatu, na mara tatu nikaomba. Nilimwomba Mungu amwue mwanangu, naye akanisikiliza."

"Ulimwambia Baba?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia padri. Akanipa rozari tatu. Tatu. Nikaona hajaelewa, nikajipangia mwenyewe."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Nilikuwa nimejizoesha kwa miaka mingi kwamba siri yangu haimdhuru mtu ila mimi, na Shija, na Shija simwoni. Sikuwahi kufikiria kwamba kila Ijumaa, tangu nikiwa mtoto, mtu mwingine alikuwa akilipia. Niliogopa. Nasema wazi, nilimwogopa mama yangu mzee anayejisugua magoti kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

"Si maombi yako, Mama," nilisema. "Nilimwaga chumvi. Ile ya jikoni. Niliimwaga kiwanjani ili ng'ombe wasitoke."

Aliacha kujisugua.

"Siyo Shija?"

"Siyo Shija."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ndege hairudishi watu."

Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu, nikawasikiliza. Kisha akauliza nilikuwa na umri gani wakati ule, nikamwambia minane.

"Minane," alisema. Akatazama mlangoni. "Basi Mungu hata hakunisikia."

Sikuweza kujua amesema kwa faraja au kwa uchungu, na uso wake haukunisaidia. Alinyoosha mkono nimwinue, nikamwinua. Ni mwepesi siku hizi. Alikwenda mwenyewe mpaka mezani, akavuta kiti, akaketi.

"Pakua," alisema.

Nilimpakulia. Alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akala ndizi na maharage mchana wa Ijumaa, taratibu, mpaka sahani ikaisha. Nilibaki nimesimama pale mbele yake muda wote huo, kwa sababu hakuniambia nikae, wala hakuniambia niondoke.